Mama Kulwa, naomba Jumamosi yako moja

Mama Kulwa wangu, za masiku? Shemeji hajambo, Kulwa na Doto wanaendeleaje na shule? Sisi huku wazima, mvua tu imeharibu njia ya kituoni bajaji hazitaki kuingia, ila hayo tuyaache maana kuna jambo limenikaa rohoni na wa kumwambia ni wewe.

Unajua kituo chetu cha watoto wenye usonji kimekua, wahudumu wa tiba ya tabia wameongezeka, na wale waliokuwa wazuri kuliko wenzao ndio wamepandishwa kuwa masupavaiza. Sasa shida imeanzia hapo. Na kazini ni wazuri kweli, sibishi, lakini hakuna aliyewafundisha namna ya kumnoa mtu mzima. Basi supavaiza anasimama mlangoni na fomu yake, anaweka tiki, anaandika "aongeze juhudi", huyoo anaondoka. Aongeze juhudi kwenye nini jamani?

Juzi nilikaa chumbani nikatulia naangalia. Binti mmoja, mhudumu wetu, anamfundisha mtoto kuchukua kijiko, anasema "chukua kijiko, chukua, chukua baba, kijiko hicho chukua", mtoto hajapata hata nafasi ya kufikiri, mara kashikwa mkono, vidole vinafungwa kwenye kijiko, "safi sanaa!" Mtoto wa watu anachojifunza pale ni kusubiri mkono wa dada. Na dawa yake wala sio kubwa, sema mara moja, nyamaza, mpe sekunde zake, akikwama msaidie kidogo na msaada uendelee kupungua, akiweza mwenyewe mpe hapo hapo anachokipenda. Yule anapenda mapovu ya sabuni kuliko kitu chochote, ila binti aliandika kwanza kwenye daftari ndio akapuliza, na wakati huo mtoto ameshaanza kuvuta pazia, kwa hiyo mapovu yamelipia pazia, sio kijiko. Kinachoniuma ni kwamba supavaiza aliyaona yote! Wakati wa chai alinielezea moja baada ya jingine, vizuri kabisa. Mimi. Binti hakuambiwa kitu.

Ndio nikakukumbuka wewe na wale manesi wako wapya, ulivyokuwa unamweleza mtu kwa kifupi, unamwonyesha, unamwachia afanye huku umesimama pembeni, unamwambia pale pale, anarudia mpaka mkono unazoea. Hata kwenye tiba hii ya tabia njia inayoaminika ni hiyo hiyo, maelezo, kuonyesha, mazoezi, mrejesho. Sisi tunaishia kwenye maelezo tunaita semina, soda na posho, kwisha. Natamani supavaiza akae mkekani yeye awe mtoto, asukume kadi ya picha, azibe masikio, binti ajaribu kwake kwanza kabla hajaenda kwa mtoto. Na akimpa mrejesho asiseme tu "umefanya vizuri", aseme "leo umenyamaza kabla ya kumshika mkono, nimeona, sasa mapovu yawahi". Hapo mtu anajua cha kurudia kesho.

Halafu hili sitaki mchezo nalo kabisa. Mtoto asiyeongea akisukuma kadi au akigeuza uso amesema hapana. Supavaiza asipomfundisha binti kulisoma hilo, binti atalazimisha akiamini ndiyo tiba, na wapo watu wazima wenye usonji wanaosimulia mpaka leo walivyoumizwa na kulazimishwa kumtazama mtu machoni.

Kule Marekani mhudumu wa ngazi hii anapata mafunzo ya masaa 40 kabla ya mtihani, halafu kila mwezi angalau asilimia 5 ya masaa yake na watoto lazima yawe na usimamizi, yaani akifanya masaa 100, matano ni ya msimamizi. Ila bodi yao inayotoa vyeti hivyo tangu 2023 haipokei tena maombi mapya kutoka nchi kama yetu, kwa hiyo hakuna wa kutoka nje atakayekuja kutuuliza, ni sisi kwa sisi. Na hayo matano ukiyamaliza umesimama mlangoni na fomu, bora ungebaki ofisini.

Sasa ombi. Njoo Jumamosi moja. Sio kufundisha usonji, hiyo tutahangaika nayo wenyewe, njoo uwaangalie masupavaiza wanavyowanoa wenzao na uwafanyie wao kile unachotaka wawafanyie mabinti. Daraja la Busisi lipo tangu 2025, hakuna tena kukaa foleni ya pantoni, unashuka stendi ya Nyegezi hapa Mwanza nakuja kukuchukua, sato nitaagiza Kirumba asubuhi.

Na kabla hujaja nijibu haya maana yananinyima usingizi. Supavaiza wetu mmoja ni mdogo, mhudumu aliye chini yake ni umri wa mama yake, anamwita mama na anashindwa kabisa kumrekebisha, wewe ulikuwa unawaanzaje wale wakubwa? Unamrekebisha mtu mbele ya mzazi wa mtoto au unasubiri mzazi atoke? Wazazi wengi wameridhia turekodi kwa simu, ila wahudumu wanaona aibu kujiangalia, nianze na video za masupavaiza wenyewe? Na Jumamosi ipi una nafasi, ya mwisho wa mwezi huu au ile inayofuata?

Wako,
Mama Faraja