Boriti zipimwe kabla ya kuagizwa

Mhariri,

Mwenye nyumba ya kale Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, anayetaka kutengeneza dari, namsihi asikimbilie saruji. Kwanza apime chumba, kisha aende Matondoni au kijiji kingine cha mikokoni akiwa na vipimo. Vyumba vya nyumba zetu ni vyembamba, aghalabu havifiki mita 3, kwa kuwa upana wake ulifuata boriti.

Miti huuzwa kwa korja, yaani 20, na hugawanywa kwa unene, kuanzia nyembamba hadi nene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kosa kubwa ni kuagiza boriti ukaletewa mazio. Mtu wa mjini huviona sawa, lakini mazio huishia unene wa sentimita 11 hivi, na boriti huanzia hapo. Dari ya mazio huinama katikati, na juu yake maji ya mvua hutuama pale pale palipoinama. Takeni mkoko au muia, miti miwili ya mikokoni, utolewe gome na ukaukie kivulini. Mbichi ukianikwa juani hupasuka.

Boriti kuukuu zisitupwe kwa kuangaliwa tu. Chomekeni kisu pale mti unapoingia ukutani. Kikizama kwa urahisi, ncha imeoza hata kama katikati ni nzima, kwani unyevu wa ukuta huanza na ncha.

Ukuta wa mawe ya matumbawe una chumvi na lazima upumue. Ukiufunika kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea, plasta huvimba na kubanduka pamoja na uso wa jiwe. Chokaa kipimo 1 kwa mchanga 3 kinatosha. Mchanga usiwe wa pwani, kwani huo unaongeza chumvi. Pakeni tabaka nyembamba, na jua la kaskazi likiwa kali funikeni kwa magunia yaliyoloweshwa, la sivyo hupasuka kabla ya kushika.

Kwa nini nasisitiza vipimo? Mkoko ukishakatwa, kisiki chake hakichipui kama cha mchu, mti mwingine wa mikokoni. Korja iliyokataliwa bandarini ni miti 20 iliyopotea, na mkataji wa kijijini ameshapoteza siku zake matopeni na nauli ya jahazi.

Mji huu uko katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. Basi wanaotoa vibali vya ukarabati wadai karatasi moja tu: urefu wa boriti, unene wake, na idadi ya korja, na nakala imfikie mkataji kabla hajashika shoka.

Msomaji,
Lamu