Msituite siku ya hundi tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wenu aliyeshauri kwenye ukurasa huu kwamba watu wenye maradhi ya kudumu wasiruhusiwe kushiriki misafara ya baiskeli ya hisani. Kama nimemwelewa, anasema tunawachelewesha wenzetu, tunawapa waandaaji presha, na mmoja wetu akifia njiani shughuli nzima inaingia doa. Aliandika kwa upole, hilo nampa. Ila mimi ni mgonjwa wa kisukari, nimeendesha baiskeli kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwenye msafara wa kuwachangia watoto wenye kisukari, na naona mwenzangu anayajua haya mambo kwa kuyatazama kupitia dirisha la gari.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Kihonda hapa Morogoro. Nashona sare za shule na kuzipeleka mwenyewe kwa baiskeli, kwa hiyo kiti cha baiskeli na mimi tunafahamiana. Kisukari changu ni cha aina ya kwanza. Kinga ya mwili iligeuka ikazishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, ile inayoitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini, basi. Sikukipata kwa kunywa soda wala kwa kunenepa. Kilinikuta nikiwa kidato cha pili. Nasema hivyo kwa sababu mtu akisikia kisukari anamfikiria mzee mwenye kitambi, halafu akiniona mimi na mbavu zangu ananiambia nimepona.

Nianze na fomu. Nilipojiandikisha, kipengele cha afya kilikuwa kimoja tu: nitie saini kwamba sina ugonjwa wowote wa kudumu. Sikutia. Nikampigia simu mratibu, kijana mwenye adabu zake, ananiita mama kila baada ya maneno mawili. Akaniambia, "Mama, wewe ni mlengwa. Usijitese. Njoo Dodoma siku ya kilele, tutakupa tisheti, upige picha na hundi." Mnaijua ile hundi, ya kadibodi, inashikwa na watu wanne na haiingii mlangoni mwa benki yoyote. Yaani msafara ni wa wagonjwa wa kisukari, fedha zinachangwa kwa jina la wagonjwa wa kisukari, ila mgonjwa mwenyewe anatakiwa mwishoni tu, asimame katikati ya picha akiwa na sura ya kuonewa huruma.

Nikamwendea daktari wangu wa kliniki. Hakuniambia niende wala nisiende, alinipima kwanza. Macho, figo, miguu, moyo, akaangalia daftari langu la vipimo vya sukari. Ndipo akaandika barua. Mratibu akakubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba niwe na mtu kwenye gari la msaada anayejua la kufanya nikizidiwa. Sharti zuri kabisa. Nililiunga mkono kuliko yeye mwenyewe alivyotegemea.

Sasa sikilizeni. Tulipofika mapumziko ya Chalinze, jua limeshakaza, nikamwona mwenzetu mmoja, mtu mzima wa makamo, anameza vidonge vya presha amegeukia upande wa vichaka. Kijana mwingine alizunguka nyuma ya lori la maji kuvuta dawa ya pumu, kwa sababu vumbi la malori lilikuwa limembana kifua. Wote wawili walitia saini fomu ile. Hawakuwa waongo kwa tabia. Walitaka kuendesha baiskeli, na fomu haikuwaachia mlango mwingine. Kwa hiyo mwenzangu anayetaka tuzuiwe ajue kwamba marufuku ile haijamzuia hata mgonjwa mmoja aliye tayari kuficha. Imewazuia waliosema kweli. Waliobaki wapo barabarani, na waliomo kwenye gari la msaada hawajui kama yule anayeyumba mbele ana kiu, ana pumu au ana moyo.

Kuhusu safari yenyewe nitaeleza kidogo, kwa sababu watu wananiuliza sana dukani. Natumia insulini mchanganyiko, ile ya 70/30 yenye ya polepole na ya haraka kwenye kichupa kimoja, asubuhi na jioni. Msuli unaofanya kazi unakula sukari hata kwa insulini kidogo, kwa hiyo siku ya kuendesha ukichoma dozi yako ya kila siku unajichimbia shimo: sukari inashuka kupita kiasi. Daktari alinipunguzia ya asubuhi. Kiasi gani, sisemi, maana najua kuna mtu atanakili. Kila mwili na hesabu yake, muulize daktari wako.

Kazi ilikuwa kuitunza hiyo insulini. Kichupa kikishafunguliwa hukaa kama wiki nne iwapo joto halizidi nyuzi 30, na barabara ya Morogoro saa saba mchana haijui nyuzi 30 ni kitu gani. Gari la msaada halikuwa na friji. Nilibeba vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, katikati nimejaza mchanga, mchanga nikaulowesha maji, juu nikafunika kitambaa kibichi. Maji yanapokauka yanaondoka na joto, na cha ndani kinabaki baridi kiasi cha kutosha. Wagonjwa wengi wasio na umeme nyumbani wanaijua mbinu hiyo. Dereva hakuijua. Aliponiona napakia vyungu vyenye kitambaa alininong'oneza kama ni dawa ya kienyeji, na nadhani mpaka Mlandizi alikuwa anaendesha huku anakichungulia kwenye kioo. Baadaye yeye ndiye aliyekuwa anakumbuka kuumwagia mchanga maji kuliko mimi.

Kipande kigumu ni kutoka Dumila kupanda kwenda Gairo. Dumila uko chini kwenye mashamba ya mpunga, akina mama wanauza nyanya na vitunguu kando ya lami, hewa nzito. Halafu barabara inaanza kuinuka, na haiachi. Malori yanakupita yanaunguruma, unapumua moshi wake, unabadili gia mpaka gia zinaisha. Hapo katikati ya mlima mikono ikaanza kunitetemeka. Tatizo la sukari kushuka ukiwa kwenye baiskeli ni kwamba dalili zake zimejificha ndani ya uchovu: jasho, kila mtu anatoka jasho, moyo kwenda mbio, kila mtu unamwenda mbio, hasira, nani asiyekuwa na hasira kwenye mlima ule? Mimi nina dalili yangu moja ninayoiamini. Midomo inakufa ganzi, kama nimetoka kung'olewa jino. Nikashuka, nikakaa kwenye mawe ya mfereji, nikajitoboa kidole. Kipimo kikasoma 3.1. Mtu asiye na kisukari kwa kawaida hashuki chini ya 4.

Wenzangu wakasimama, na kila mmoja akawa daktari. "Mpeni maji! Mpepeeni! Mvueni kofia!" Maji hayana sukari, ndugu zangu. Unaweza kumnywesha mtu ndoo nzima na akazimia ameshiba maji. Aliyeniokoa ni binti mmoja, mwanafunzi wa uuguzi, ndiye aliyeletwa na lile sharti la mratibu. Hakuuliza maswali. Alifungua soda, ile yenye sukari ya kweli, akanishikia chupa kwa sababu meno yangu yalikuwa yanagonga kioo, akanizuia nisiendelee kunywa ilipofika nusu. Akaangalia saa. Baada ya dakika 15 akanipima tena: 4.6. Akanipa mkate na ndizi, maana soda inapanda haraka na kushuka haraka, inahitaji chakula cha kuishikilia. Akasema, "Dada, huendi popote mpaka nikwambie." Nikatii. Aliponiruhusu nikapanda baiskeli nikaenda nayo mpaka Gairo, ambako nilikula viazi vitamu vyao kwa furaha ambayo sina haja ya kuieleza kwa yeyote aliyewahi kusimama pale.

Je, niliwachelewesha? Niliwachelewesha. Kama ambavyo pancha za wazima zilituchelewesha, na kama ambavyo ndugu mmoja mwenye baiskeli ya bei mbaya alituweka juani Mikese akingoja cheni yake ifungwe na fundi wa kijijini kwa nyundo. Hakuna aliyependekeza wenye cheni mbovu wapigwe marufuku. Gari la msaada linabeba spoku, mipira ya ndani, pampu na gundi, kwa sababu waandaaji wanajua baiskeli huharibika. Kubeba soda na pakiti ya glukosi kunashindikana wapi?

Usiku nao una yake. Baada ya siku ya namna ile misuli inaendelea kuvuta sukari kutoka kwenye damu ili kujaza akiba iliyotumika, na unaweza kushuka ukiwa usingizini, hata saa nyingi baada ya kuegesha baiskeli. Gesti ya Gairo nililala chumba kimoja na dada kutoka Tanga ambaye hatukuwa tukijuana kabla ya safari. Nilipomweleza aliweka kengele ya simu saa nane usiku, akaamka, akakaa kitandani ananiangalia nikijipima, akarudi kulala bila neno. Kama ningekuwa nimesaini ile fomu, ningemwelezaje?

Kwa wanaosema haiwezekani kabisa, ipo timu ya baiskeli ya kulipwa, Team Novo Nordisk, ambayo waendeshaji wake wote wana kisukari cha aina ya kwanza. Ilitokana na Team Type 1, iliyoanzishwa na Mmarekani Phil Southerland, mwenye kisukari tangu utotoni, na wao waliwahi kushinda upande wa timu kwenye mbio za kuvuka Marekani kutoka pwani hadi pwani. Sisemi mimi ni wao. Wao wana madaktari na vifaa vya kusoma sukari mfululizo vilivyobandikwa mwilini. Mimi nina vyungu. Lakini ugonjwa ni ule ule.

Wala sisemi kila mgonjwa apande baiskeli. Mwenye selimundu, kwa mfano, kukaukiwa maji, baridi na kazi nzito vinaweza kumwangusha kwenye maumivu makali, na mwili wake hausikilizi hotuba za kujituma. Hata mwenye kisukari ambaye mishipa ya ndani ya macho imeshaanza kuvuja damu au mguu una kidonda, nafasi yake siku hiyo si kwenye lami. Anayepaswa kuamua ni mgonjwa na daktari wake baada ya vipimo. Kijana wa usajili mwenye muhuri hana pa kujua hayo, na msomaji mwenzangu pia hana.

Nina jambo jingine dogo, lisamehe Mhariri kama linatoka nje ya mada. Tukiwa ndani ya msafara tungesaidia pia kusema fedha ziende wapi. Watu wanapenda kununua mashine, kwa sababu mashine inapigwa picha vizuri. Wazazi ninaokaa nao kwenye benchi la kliniki wanalia na vipande vya kupimia sukari. Kipimo chenyewe mtoto anacho, pengine alipewa bure. Vipande vikiisha, kinakuwa kama simu isiyo na laini. Mama anampima mtoto kwa kumtazama usoni. Walioivumbua insulini kule Toronto waliuza hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, kwa Chuo Kikuu cha huko mwaka 1923 kwa dola 1 kila mmoja, ili ipatikane kwa wanaoihitaji. Miaka zaidi ya 100 baadaye mtoto anaweza kuwa na insulini mkononi na asijue achome kiasi gani, kwa kukosa kipande chembamba kuliko kiberiti. Hilo mratibu angelijua mapema kama mlengwa angekuwa kwenye kikao cha maandalizi.

Misafara hii inaongezeka nchini, na ni jambo jema. Kila mwaka kuna wanaotoka Dar es Salaam mpaka Butiama kumuenzi Mwalimu, wapo wanaochangia madawati, wapo wa upasuaji wa moyo kwa watoto. Sitaki kumvunja moyo mtu yeyote anayepanga kitu kama hicho, najua kibali cha trafiki pekee kinatosha kukutoa mvi. Ninachoomba hakina gharama ya kutisha. Anayekaa kwenye gari la msaada afundishwe kutofautisha kiu, pumu na sukari iliyoshuka; ni somo la asubuhi moja na kliniki yoyote ya wilaya itamtoa mtu wa kulifundisha. Vituo vya kula vitangazwe mapema na visibadilishwe barabarani kwa sababu mgeni rasmi amechelewa, maana mtu aliyeshachoma insulini hamngojei mgeni rasmi. Na kile kipengele cha kuapa kwamba wewe ni mzima kama malaika kifutwe.

Mahali pake waweke maswali haya: Una ugonjwa gani? Unatumia dawa gani? Ukizidiwa, tukufanyie nini na tusikufanyie nini? Nafasi ya kujibu waiache ndefu kidogo. Mimi kwenye hilo la "tusikufanyie" nina mengi ya kuandika, na nitaanza na maji.

Wako,
Fundi cherehani,
Kihonda, Morogoro
(Jina na anwani vimehifadhiwa)