Mpaka ukifungwa, ugonjwa hupita njia za panya

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu namna mipaka yetu ya nchi kavu ilivyofungwa na kufunguliwa wakati wa Uviko-19. Sisi tunaoishi Himo na kufanya biashara kupitia Holili, kituo chetu cha mpakani kinachotazamana na Taveta ya Kenya, tunaona kwamba jambo hili liliachwa katikati. Malori yamerudi, mabasi yamerudi na watu wanavuka kama zamani, lakini hadi leo hatujaelezwa mfanyabiashara mdogo atafanywa nini siku ugonjwa mwingine utakapobisha hodi.

Tarehe 16 Mei 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kuzuia watu na magari ya abiria kuvuka mpaka wa Kenya na Tanzania, pamoja na ule wa Kenya na Somalia, isipokuwa magari ya mizigo ambayo madereva wake walitakiwa kupimwa. Siku chache baadaye baadhi ya mikoa yetu ya mpakani ilijibu kwa kuyazuia malori kutoka Kenya, na kabla mwezi haujaisha mawaziri wa uchukuzi wa nchi zote mbili walikuwa wamekwishakutana Namanga kutafuta suluhu ya madereva. Sina ugomvi na kikao hicho, kwani bila malori hayo pande zote mbili zingeumia. Ninachouliza ni kwa nini lori lilipata kikao cha mawaziri ndani ya siku chache, ilhali mama anayevuka kwa miguu na tenga la nyanya hakupata hata tangazo la kumjulisha ni lini atarudi kazini.

Anayeujua mpaka wa Holili na Taveta anajua kwamba hakuna ukuta. Kuna mashamba, vichaka na vijia ambavyo watu wa pande zote mbili, wengi wao ndugu na wakwe, wamevipita tangu enzi za babu zao. Mimi nauza vitunguu. Majuma ya mwanzo magunia yalikaa ghalani mpaka vitunguu vikaanza kuota, na bei ya Himo ikaporomoka kwa kuwa wanunuzi wa Taveta na Voi hawakuweza kutufikia. Kisha wakatokea vijana wa bodaboda waliokuwa tayari kuvusha gunia usiku kwa nauli iliyokula karibu faida yote, na wenye madeni hawakuwa na la kufanya ila kukubali. Mizigo ilipokewa gizani, watu wakiwa wamesongamana, bila barakoa, bila maji ya kunawa, bila mhudumu wa afya wa kumpima mtu joto wala kuandika jina lake. Mwanamke aliyekamatwa njiani alipoteza mzigo na mtaji kwa pamoja, na aliyetakiwa kutoa kitu kibaya zaidi ya fedha ili aachiwe hakuwa na pa kushtaki, maana naye alikwishahesabiwa kuwa mvunja sheria.

Ikiwa nia ilikuwa kuzuia virusi, basi hapo ndipo nia hiyo ilipoharibika, kwa sababu watu waliendelea kuvuka huku serikali zikiwa zimepoteza mahali pekee pa kuwaona.

Naomba wasomaji walinganishe hali hiyo na yaliyotokea Taveta miaka minne baadaye. Tarehe 31 Julai 2024, Wizara ya Afya ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini humo, na mgonjwa huyo alibainika katika kituo cha mpakani cha Taveta, akiwa safarini kutoka Uganda kwenda Rwanda kwa kupitia Kenya. Alibainika kwa sababu alipita palipo rasmi, penye watu wa afya. Laiti mpaka ungekuwa umefungwa, mtu aliyekusudia kufika Rwanda angetafuta wa kumvusha kwenye vijia vyetu, na sisi tungejua habari za mpox baada ya watoto wetu kuanza kutoka vipele. Hata milipuko ya Marburg mkoani Kagera, wa Machi 2023 na ule wa Januari 2025, ilidhibitiwa kwa kuwafuatilia waliokaribiana na wagonjwa, na Shirika la Afya Duniani halikushauri safari zizuiwe.

Sheria nazo hazituzuii kuacha vituo wazi huku tukiwapima wanaovuka. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inampa mwananchi uhuru wa kuvuka, na inairuhusu nchi kuuwekea uhuru huo mipaka kwa ajili ya afya ya umma. Nakubaliana na kifungu hicho kwa moyo wote, kwani hakuna biashara yenye thamani kuliko uhai wa mtu. Lakini kuuwekea uhuru mipaka ni jambo moja, na kumsahau kabisa mtu anayeishi kwa uhuru huo ni jambo jingine. Rwanda ilifungua mipaka yake ya nchi kavu tarehe 7 Machi 2022, takriban miaka miwili kamili baada ya kuifunga. Kati ya Rubavu ya Rwanda na Goma ya Kongo, ambako kabla ya ugonjwa makumi ya maelfu ya watu walivuka kila siku, wengi wao wanawake wenye mizigo kichwani, wafanyabiashara walilazimika kujikusanya na kusafirisha bidhaa zao katika gari moja. Mpango huo ulisaidia bidhaa kufika sokoni, na tungeweza kuuiga hapa kwetu. Ila ulihitaji chama, dereva na fedha za kukodi gari, na mwenye mtaji wa mikungu michache ya ndizi hana hata kimoja kati ya hivyo.

Jambo jingine ni gharama za vipimo. Januari 2022 madereva waligoma Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa sababu ya kipimo cha lazima na ada yake, foleni ya malori ikawa ya kilomita nyingi, na bei ya mafuta ikapanda Uganda. Dereva ana mwajiri wa kumlipia na lori la kuziba barabara asikilizwe. Muuza maharage atozwe ada ya namna hiyo, hatagoma. Atashika kijia cha kwanza atakachokiona.

Ninapendekeza wizara za afya na biashara za Tanzania na Kenya zikae sasa, wakati hakuna hofu, zikubaliane kwa maandishi kwamba mfanyabiashara anayevuka kwa miguu ni mhudumu wa lazima sawa na dereva wa lori. Orodha ya wafanyabiashara hao iwekwe kituoni, wapimwe bila malipo, na ugonjwa ukizidi patengwe uwanja karibu na vituo vya Holili na Taveta ambapo bidhaa zitauzwa na kila mtu arudi kwao siku hiyohiyo. Orodha si ngumu kuipata, kwa kuwa tayari Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu wa cheti rahisi cha uasili, yaani cha kuonyesha kwamba bidhaa imetoka nchi mwanachama, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Kimarekani, nacho hutolewa hapo hapo mpakani. Wengi wetu hatukitumii kwa kutokijua, na anayejitokeza kukichukua atakuwa amejiandikisha mwenyewe bila kusakwa.

Makubaliano hayo yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, yabandikwe katika vituo vyote viwili na katika masoko ya Himo na Taveta, yakiwa na jina la ofisi ambayo mtu atakwenda kulalamika akizuiwa kinyume chake.

Mfanyabiashara wa vitunguu,
Himo, Kilimanjaro