Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wetu na safari ya Skagway

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana, habari za tangu mwaka jana. Mahesabu mweka hazina atayasoma mwenyewe siku ya mkutano kwa hiyo mimi siyagusi sana, niseme tu mfuko wa msiba umefanya kazi yake, hakuna familia iliyofiwa mwaka huu tukaiacha peke yake, na darasa la Kiswahili la watoto la Jumamosi linaendelea ila walimu bado wanahitajika, mwenye nafasi amwone katibu. Sehemu kubwa ya taarifa naiweka kwenye safari ya Skagway, Alaska, manake ndo jambo jipya tulilofanya, michango yenu imetumika huko, na wengi hamkwenda mna haki ya kujua.

Kwanza kwanini Skagway, hili swali nimeulizwa sana. Sisi wa hapa Seattle tunaishi kwenye mji ulionenepa kwa ile rashi ya dhahabu, yaani watu kukimbilia dhahabu iliyogunduliwa Klondike kule Kanada, na wengi hatujui. Tarehe 17 Julai 1897 meli inaitwa Portland iliingia bandari yetu hii na wachimbaji waliorudi kutoka Kanada, magazeti yakaandika imebeba tani nzima ya dhahabu, basi watu wakachanganyikiwa, hata meya wa mji W. D. Wood akaacha umeya akaenda naye, na wenye maduka hapa wakauza mahema, koleo, unga na maharage mpaka wakatajirika wao kuliko wachimbaji. Inakadiriwa watu laki moja walifunga safari, waliofika Dawson, mji wa machimbo kule Klondike, ni kama elfu thelathini mpaka arobaini, na waliopata dhahabu ya maana ni wachache mno. Njia ya wengi ilipita Skagway au Dyea jirani yake.

Sasa usafiri. Wengi walitaka meli kubwa za utalii zinazotoka hapa, lakini kamati ikaona zile huwa zinatia nanga Kanada na baadhi yetu makaratasi bado, kwa hiyo tukapanda ndege mpaka Juneau alafu kivuko cha serikali ya jimbo, kinapanda ule mkono wa bahari wa Lynn Canal, kinapita Haines, kinaishia Skagway, unabaki Marekani muda wote. Na kwakweli nawaambia ile siku ya kivuko peke yake ilitosha, milima ya barafu kulia na kushoto, maporomoko yanashuka mpaka baharini, watoto wakasahau simu zao. Wakala mmoja tuliyempa kazi ya vyumba alituchelewesha na malipo ya wawili yakapanda, tofauti imelipwa na mfuko wa safari na wenyewe wamekubali kurudisha kidogo kidogo, risiti zipo kwa mweka hazina.

Mji wenyewe ni mdogo, wakazi elfu moja na kitu, wakati 1898 walikuwa elfu nane mpaka elfu kumi. Barabara kuu Broadway bado ina mabaraza ya mbao na majengo ya wakati ule, mengi yanatunzwa na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa 1976, na ukumbi wa Arctic Brotherhood, chama cha watu wa wakati ule wa dhahabu, ukuta wake wa mbele umepambwa kwa vipande zaidi ya 8,800 vya miti iliyookotwa ufukweni, akina mama walipiga picha pale hawataki kuondoka. Makaburi ya zamani tulienda pia, yupo Frank Reid, mpimaji ardhi wa mji, aliyepigana risasi na yule tapeli mkubwa Soapy Smith tarehe 8 Julai 1898, Smith akafa palepale na Reid akafa siku chache baadae. Sikukaa sana kwenye hiyo habari, waongozaji wanaisimulia mno na mimi naona tapeli amepewa heshima kubwa kuliko waliofanya kazi.

Kilichonigusa ni treni. Reli ya White Pass and Yukon Route walianza kuijenga Mei 1898 na wakaimaliza Julai 1900, kilomita 177 kutoka Skagway mpaka Whitehorse kule Kanada, upana wake milimita 914 yaani nyembamba kidogo kuliko reli yetu ya mita kule nyumbani. Sisi tulichukua ile ya kupanda mpaka kileleni mpakani na kurudi bila kushuka, kama masaa matatu hivi, na ndani ya kilomita 32 tu treni inapanda zaidi ya mita 870, unaona korongo liko chini yako na mbele unaona behewa za kwanza zinaingia kwenye handaki wakati wewe bado uko darajani. Kabla ya reli watu walipita hukohuko kwa miguu na farasi, polisi wa Kanada hawaruhusu mtu kuvuka bila chakula cha mwaka mzima, mzigo wote ukikaribia tani moja, kwa hiyo mtu anabeba kidogo anaacha anarudi tena, na farasi wapatao elfu tatu walifia njiani, korongo lao lina jina mpaka leo, Dead Horse Gulch, yaani Korongo la Farasi Waliokufa.

Mzee wetu mmoja ambaye baba yake alikuwa gengi la reli Tabora alikaa kimya safari nzima akiangalia kuta za mawe, alafu akauliza swali ambalo watalii wengine hawakuuliza, waliokata huu mwamba walikuwa kina nani na walilala wapi. Jibu ni kwamba walipita wafanyakazi kama elfu 35 kwa vipindi tofauti, wengine walining'inizwa kwa kamba ukutani kutoboa jiwe na kutia baruti, 35 walikufa, na wawili kati yao wamelala chini ya jiwe la tani mia lililowaangukia Agosti 1898, pamewekwa msalaba mweusi unauona ukiwa kwenye treni. Miaka hiyohiyo reli ya Mombasa ilikuwa inajengwa, ilianza 1896 ikafika ziwani Kisumu 1901, na kule walikufa maelfu. Nataka watoto wetu wazijue reli zote mbili kwa pamoja.

Na hili naomba mlisome vizuri. Watu weusi wamo kwenye historia ya Skagway. Kuanzia 1899 mpaka 1902 jeshi lililolinda eneo lile lilikuwa Kampani L ya kikosi cha 24 cha askari wa miguu, askari weusi, na mwaka 1942 kikosi cha 93 cha wahandisi, weusi pia, kilishukia Skagway kikapanda treni hiihii kwenda Carcross kujenga barabara kuu ya Alaska, ambayo karibu theluthi ya wanajeshi walioijenga walikuwa weusi. Vijana wetu waliposikia hivyo maswali hayakuisha mpaka usiku, na mimi nimefanya uamuzi kuwa safari zetu kuanzia sasa lazima ziwe na mtu wa kutusomea habari mapema, tusiende kupiga picha tu.

Reli yenyewe ilikufa 1982 bei ya madini ilipoanguka, ikafufuliwa 1988 kwa ajili ya watalii, na ndo inayoweka ugali mezani kwa mji ule sasa hivi. Mwenzetu aliyekulia Chunya alisema Lupa, machimbo ya dhahabu ya huko kwao, nako kulikuwa na rashi kubwa miaka ya 1930 na haoni kwanini historia ile isitunzwe, nakubaliana naye kabisa, na kamati imempa kazi ya kutuandalia mazungumzo kuhusu Lupa mwezi wa tatu.

Ambao hamkwenda, ile hifadhi ya taifa ya Skagway ina jumba hapa hapa Seattle, Pioneer Square, kuingia ni bure, darasa la Jumamosi litapelekwa. Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza kibubu cha safari kiendelee, kila mwanachama achangie kwa mwezi kwa uwezo wake, wazee waliostaafu wasilipe, na sehemu ya kwenda ichaguliwe na mkutano sio na mimi. Mapendekezo yaletwe kwa katibu kabla ya mkutano, kura tutapiga palepale.