Watoto njooni mapema, chakula cha Krismasi tupike wote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Kila Desemba ikifika naona mnaandika habari za Wachaga kurudi nyumbani, nauli zimepanda, mabasi yamejaa, LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, wametoa vibali vya muda ili magari yaongezeke, na tangu treni ya abiria irudi Moshi Desemba 2019 nayo inagombewa, yote hayo ni kweli kabisa ila sijaona mtu anaandika hao watu wakishafika huku wanafanya nini. Mie ndo nataka kuliongelea hilo maana ni mama wa watoto wanne, wote watu wazima wanajitegemea, na nyumbani ni Marangu.

Siku hizi kumeingia mtindo huu, watoto wanafika tarehe 24 usiku hoi na safari, asubuhi ibada, wakirudi wanakuta watu wa keteringi wameshapanga vyombo chini ya turubai, pilau, kuku, chipsi, soda, wanakula, wanapiga picha za kurusha wasapu, tarehe 26 wanaanza kuulizia gari la kurudi Dar. Mama wa watu kawasubiri mwaka mzima na wala hajakaa nao. Sisemi pilau ni mbaya na hao wanaopika kwa oda wanatafuta riziki yao, lakini jamani chakula cha sikukuu cha huku kwetu kinataka watu wengi na kinataka siku.

Chukua mbege tu, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi. Ulezi uloweke, uuoteshe, uuanike mpaka ukauke ndo upelekwe mashineni. Ndizi mbivu zichemshwe kwenye sufuria kubwa muda mrefu, zifunikwe zikae siku kadhaa zichachuke, ndo uzichuje, halafu upike uji wa ule ulezi, upoe, uchanganye, na hapo kuna magome ya msesewe ya kuupa ule uchungu wake ambayo ukizidisha pombe yote haimezeki. Hiki kipimo hakijaandikwa popote, mie nilikipata kwa mama mkwe kwa kusimama pembeni yake na kuonja. Sasa mtoto anayefika usiku wa mkesha atakipata wapi? Yeye anapewa kata mkononi anywe, basi.

Kwangu tulikubaliana mwenye nafasi aje wiki moja kabla, asiye na nafasi aje atakapopata ila akifika anaingia jikoni, awe wa kike awe wa kiume. Najua wengi wanasema mwanaume wa Kichaga kazi yake kuchinja mbuzi na kuchoma nyama, mambo ya sufuria ni ya wanawake, mie sikubaliani nao hata kidogo. Wanangu wa kiume wanamenya mchare, zile ndizi za kupika, wanajipaka mafuta mikononi kwanza ule utomvu usiwagande, ndizi wanazitumbukiza kwenye maji zisiwe nyeusi, na mmoja wao mtori anaupika kunishinda mimi, anaanza na mifupa ya ng'ombe ichemke mpaka supu inakuwa nzito kabisa ndo anatia ndizi na vitunguu, zikiiva anaziponda kwa mwiko taratibu mpaka zinalainika na hakuna kuharakisha. Hiki chakula tunampikia mzazi aliyejifungua apate nguvu, kwa nini mwanaume asijue kukipika wakati mke wake ndo atakayezaa?

Na hapo kwenye kumenya ndo nataka wazazi wenzangu wanisikie vizuri. Kwenye simu mtoto kila siku anakujibu tuko salama mama, kazi nzuri mama, hela nimetuma umeiona? Lakini mkae chini na beseni la ndizi katikati, kila mtu na kisu chake, hamtazamani usoni, saa nzima haijaisha unaanza kusikia ya kweli. Binti yangu mambo ya ndoa yake aliniambia hivyo hivyo huku anamenya, alikuwa kayabeba muda mrefu peke yake. Wengine wanakuja na kinyongo cha kihamba, yaani shamba la ukoo, ndugu na ndugu hawasalimiani, na mila yetu ya kupeleka isale, lile jani la amani, kuombana msamaha ipo, ila nimeona watu wanaopika chungu kimoja inakuwa rahisi zaidi kufika huko kwenye isale.

Kuna wazee wataniambia watoto wa mjini watatuharibia chakula. Mkwe wangu kakulia Tanga, machalari, zile ndizi za kupikwa na nyama, anatia nazi, mara ya kwanza mashemeji zake walikuja juu kwelikweli, mie nikasema muacheni, na kilikuwa kitamu mno. Sasa tunapika sufuria mbili, ya nazi na ya kwetu, wajukuu wanachota kote kote. Bora chakula kibadilike kidogo kikiwa mikononi mwa watoto wetu kuliko kibaki safi halafu tuzikwe nacho.

Kwa hiyo mabosi wenye wafanyakazi wa kutoka mbali, kama ofisi inaruhusu wagawieni likizo kwa zamu, mwaka huu huyu aondoke mapema na mwakani mwenzake. Na wewe Mhariri nina ombi, Desemba hii tupe ukurasa mmoja wasomaji tuandike tunavyopika sikukuu nyumbani kwetu. Wa Rombo watueleze kisusio, ile supu ya mbuzi yenye damu, Wapare makande yao, wa Bukoba ndizi na senene maana ndo msimu wake, na ndugu zetu wa Zanzibar na Mombasa waandike ya Idi ikifika zamu yao. Waandike na nani anafanya nini jikoni, siyo viungo tu. Ukikubali, wa mtori nauandika mimi na mwanangu, tutautuma mapema.

Msomaji wenu,
Marangu, Kilimanjaro