Barua ya tenda ikichelewa wiki mbili, siku 14 zimeliwa na nani?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme jambo limenikaa kooni. Kila kukicha utaskia mkubwa fulani analalama ati barabara haijengwi, ati dawa hazijafika, kisa kuna mtu amekimbilia PPARB, ile Bodi inayosikiza malalamiko ya tenda za umma, kupinga tenda, na sisi tunaopinga tunaitwa maadui wa maendeleo. Basi mimi ni mmoja wa hao maadui. Ni kontrakta mdogo tu, mafundi sita na lori la kukodi, na nataka kueleza hizo siku tunazoambiwa tunazipoteza huwa zinapotelea wapi hasa.

Kaunti sitaitaja, iko hapa hapa Pwani. Kazi ilikuwa kuezeka upya zahanati na kujenga ukuta wa kuizunguka. Siku ya kufungua zabuni tulikaa kwenye viti vya plastiki, bei zikasomwa kwa sauti moja baada ya nyingine, na yangu ikatoka ya chini kabisa. Sikushangilia, kwa sababu bei ya chini peke yake haikupi kazi, lazima karatasi zako zipite kwanza halafu upite ufundi, ndio bei iangaliwe. Nikaenda zangu kungoja.

Nikangoja weee. Siku moja kontrakta mwenzangu akanipigia, ananiuliza "kwani wewe hujapata barua? mimi nilipata yangu juzi". Nikaenda ofisi ya ununuzi, kijana wa pale akavuta droo akanitolea bahasha yangu, imefungwa, jina langu juu. Ndani kuna mistari mitatu: tunasikitika zabuni yako haikufaulu, asante kwa kushiriki. Basi. Nani ameshinda, kwa pesa ngapi, mimi nimeanguka wapi, hakuna. Tarehe ya barua ilikuwa 3, na siku hio nimesimama pale kaunta ni tarehe 14.

Msomaji ambaye hajawahi kuomba tenda anaweza kuuliza shida iko wapi, si barua umepata. Shida ni hii. Sheria yetu ya ununuzi wa umma ya 2015, kifungu cha 167, inakupa siku 14 tangu ujulishwe kwenda mbele ya Bodi kule Nairobi. Siku hizo hizo 14 ndizo kaunti inatakiwa ingoje kabla ya kusaini mkataba na mshindi, hiyo ni kifungu cha 135, na mkataba ukishasainiwa kwa kufuata sheria Bodi haina tena la kukusaidia. Kwa hivyo barua ikilala kwenye droo siku 11, mtu amekula siku zako 11. Ndio, unaweza kubishana kwamba siku zihesabiwe tangu ulipoipokea, lakini utathibitisha vipi na barua ina tarehe yake na kitabu cha ofisi kimeandikwa ulipigiwa simu? Mimi sikutaka hio kesi ndani ya kesi. Nikasema nina siku tatu.

Siku tatu za kutafuta wakili, kuandika ombi, kula kiapo, kulipa ada (ambayo inapanda kulingana na ukubwa wa tenda, na kwa mtu wa saizi yangu si mchezo), na ubaya zaidi ni kuwa unapinga kitu usichokijua maana sababu haikuandikwa. Wakili aliniuliza "tunalalamikia nini?" nikamwambia hata mimi sijui. Tukaanzia hapo hapo, kwamba kutoambiwa sababu ni kosa tayari. Na kweli ni kosa, kifungu cha 87 kinasema mshindi akijulishwa na wengine wote wajulishwe kwa maandishi pamoja na sababu, na kanuni za 2020 zikaongeza kwamba barua itaje jina la aliyeshinda, bei yake, na kwa nini ameshinda. Iko wazi kama mchana.

Ukishafungua ombi, tenda inasimama na kaunti inatakiwa ijibu na ipeleke mafaili. Kwenye jibu lao ndio nikaona kosa langu kwa mara ya kwanza: ati kurasa zangu hazikuwekwa namba zote. Jameni! Nilikesha saiba nikipiga namba kurasa 286 kwa mkono, mpaka kidole kikaota sugu. Kumbe walichokuwa wanasema ni zile karatasi za rangi za kutenganisha sehemu, ile ya kijani imeandikwa "Sehemu ya Pili" na hakuna kingine. Hizo ndizo hazikuwa na namba. Na kwenye stakabadhi za tenda hakuna mahali palisema karatasi za kutenganisha zihesabiwe, na sheria inasema utapima zabuni kwa vigezo ulivyoandika mwenyewe, si vile vilivyokujia kichwani baadaye.

Bodi ina siku 21 za kuamua na iliamua ndani ya hizo 21. Barua zote zikafutwa, kaunti ikaambiwa inirudishe hatua ya ufundi, ipime upya, na safari hii iandike barua inavyotakiwa. Siku 21, Mhariri. Hata ningeenda mbele, Mahakama Kuu ina siku 45, ya Rufaa siku 45, na zikishindwa kuamua kwa wakati uamuzi wa Bodi ndio unabaki. Sasa ulinganishe na zahanati ambayo tangu bajeti isomwe mpaka tenda itangazwe ilipita karibu mwaka mzima na hakuna aliyeitwa adui.

Na mwisho wake? Nilianguka tena. Safari hii barua ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, ina jina la mshindi, ina bei yake, na mimi nimeandikiwa alama 68 wakati ya kupita ni 70, kwa sababu walitaka vyeti vitatu vya kazi zilizokamilika nami niliweka viwili. Nikafungua nakala yangu nikahesabu. Viwili kweli. Sikwenda popote, sikumpigia wakili, nilikunja barua nikaiweka kabatini. Kama ningepewa barua hii tarehe 3 ya mwanzo nisingefungua ombi, kaunti isingelipa wakili wake, na mabati ya zahanati yangekuwa yameshapigiliwa.

Hilo tu ndilo ninaloomba kwa maafisa wahasibu wa kaunti zote, yaani wale wakubwa wanaosimamia tenda na kutoa hizo barua: barua itoke siku moja kwa wote, kwa baruapepe ambayo tuliiandika wenyewe kwenye fomu, na sababu iwe ya kueleweka. Hata kama ni karatasi ya kijani.

Cheti changu cha tatu kilikuwa kimelala kwenye shule fulani ya msingi tuliyoijengea vyoo. Nimekifuata wiki jana, mwalimu mkuu amekipiga muhuri.

Kontrakta mdogo,
Pwani