Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,
Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Mwaka huu klabu yetu imejifunza habari za maporomoko ya Kalambo, mkoani Rukwa, mpakani mwa nchi yetu na Zambia.

Mgeni Rasmi, ukitaja maporomoko, wengi hukimbilia Victoria. Yale yana kimo cha mita 108. Kalambo yanapita mita 220, na maji yake hushuka kwa mkupuo mmoja. Ukisimamisha minazi minane ya mita 25, mmoja juu ya mwingine, bado hujafika ukingoni. Mto unatoka uwanda wa juu, unafika ukingo wa Bonde la Ufa, unaporomoka, kisha unakwenda kuingia Ziwa Tanganyika. Kwenye genge hilo korongo aina ya marabu hujenga viota na kulea makinda.

Lililotusisimua zaidi liko juu kidogo ya maporomoko, upande wa Zambia. Mwaka 2023 wanasayansi walitangaza kuwa magogo mawili yaliyofukuliwa hapo yana umri wa miaka 476,000 hivi. Gogo la juu limechongwa pengo ili lilalie la chini, na alama za kuchonga bado zinaonekana. Mti wa umri huo ulipaswa kuwa vumbi zamani; umesalimika kwa sababu ardhi ile haikukauka. Binadamu wa aina yetu walikuwa hawajatokea, na tayari palikuwa na fundi mtoni! Tunasikitika kwamba watoto wengi wa Tanzania wanamaliza shule bila kulisikia jambo hili.

Sisi wa Tanga tuna sababu yetu ya kujali. Maji ya mji huu yanatoka mto Zigi, unaoanzia misitu ya Amani, Usambara Mashariki, na kukusanywa bwawa la Mabayani. Misitu ikifyekwa kule juu, udongo unaishia bwawani.

Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. Kwanza, utusaidie usafiri wa kwenda Amani likizo ijayo, na Mungu akijalia, siku moja tufike Kalambo. Pili, utupatie miche ya miti ya asili tuipande kandokando ya Zigi pamoja na wanakijiji. Kuitunza tutaitunza wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.